Unga wa Mkono wa Mama

Kila Jumamosi asubuhi, Kanyere alifunga kifurushi cha kutuma Beni.

Aliishi Butembo, mtaa wa Furu, kwenye mteremko ambako ukungu unakawia kuondoka. Mume wake alikuwa amefariki. Alilima bustani ndogo, na sokoni aliuza mboga na miche ya marakuja, tunda ambalo wengine huliita pasheni. Binti yake, Joyeuse, alikuwa ameolewa Beni na seremala mmoja anayeitwa Sadrack. Beni si mbali. Siku ambazo njia ni salama, gari linaondoka asubuhi na kufika kabla jua halijawa kali. Lakini nani anajua leo kama kesho njia itakuwa salama? Kwa hiyo vifurushi vilisafiri, na Kanyere alibaki.

Ndani ya kifurushi aliweka viazi, kabichi, maharage kidogo, na unga wa uji. Unga huo ndio uliokuwa wa maana kuliko vyote. Joyeuse, mama wa wavulana wawili, Luc na Ésaïe, alikuwa amejifungua mtoto wa kike, Masika. Kwao, binti akijifungua, mama yake ndiye anayemsagia unga: mahindi, mtama na soya. Unga wa duka ni wa mtu yeyote. Unga wa mama una mkono wake ndani.

Kanyere aliutia unga katika mfuko mweupe wa kitambaa alioushona mwenyewe. Aliufunga kwa kamba ya mgomba, fundo lake lile lile ambalo Joyeuse alilijua tangu utoto.

Jioni Joyeuse alipiga simu.

"Mama, tumepokea. Luc anauliza uji hata kabla ya kunisalimia."

"Na Ésaïe?"

"Ésaïe! Yee anakataa uji kabisa. Anataka chai na mukate, kama mupatron."

Kanyere alicheka. "Mwache mupatron wangu. Na mutoto?"

"Iko hapa, ananyonya. Sikia."

Kanyere aliibana simu kwenye sikio. Alisikia mtoto akinyonya, akipumua, akinyonya tena. Alifumba macho. Hakuwa amembeba bado. Hakujua uso wake ni wa nani, wa upande wao au wa kina Sadrack.

"Nitakuya," alisema. "Njia ikikuwa muzuri tu, nitakuya."

"Tunakungoja, Mama."

Wiki hiyo hiyo, Sadrack alipiga simu mchana. Sadrack hakuwa na desturi ya kupiga mchana.

"Mama, Joyeuse na Luc beko hospitali."

"Hospitali? Juu ya nini?"

"Bamekunywa uji asubuhi. Kisha midomo yabo ikakauka. Uso ukawa moto. Joyeuse anaongea na watu benye hawako. Ameniuliza miye ni nani." Sauti ya Sadrack ilikatika kidogo. "Na Luc anakamata-kamata hewani. Anasema anaona vipepeo. Macho yabo, Mama, ile nyeusi ya katikati imekuwa kubwa sana."

Nyuma yake, sauti ya mwanamke ilipaa. Ilikuwa ya Jokébed, mama yake Sadrack.

"Umuulize alitia nini mule ndani! Umuulize!"

"Mama, miye siseme kitu," alisema Sadrack. "Lakini mama yangu anasema hii ni sumu ya mutu. Unga tumeutupa mu choo."

Simu ikakatika.

Mungu alisaidia. Madaktari waliwatibu, na baada ya muda mfupi Joyeuse na Luc walirudi nyumbani wakiwa wazima. Mtoto mchanga hakupatwa na kitu. Kanyere alizipata habari hizo kwa dereva wa gari, si kwa binti yake. Alipopiga simu, ililia mpaka ikanyamaza yenyewe.

Jumamosi alifunga kifurushi kama kawaida. Jioni dereva alikirudisha.

"Mama, bamekataa kukipokea," alisema, macho yake yakitazama chini.

Fundo lilikuwa halijafunguliwa.

Kanyere alikiweka kifurushi juu ya kiti, kiti kile ambacho Joyeuse alizoea kukalia alipokuwa msichana. Kisha akakaa mbele yake.

Huku kwetu, anayekupa kinywaji anaonja kwanza mbele yako. Ndipo anakupa. Ni adabu, na ni namna ya kusema: sina ubaya na wewe. Lakini Kanyere angeonjaje? Yeye yuko Butembo, wao wako Beni. Kifurushi kilikwenda bila mdomo wake.

Jumatatu asubuhi jirani yake, Adèle, alimkuta amekaa hivyo tena. Adèle ni relais communautaire. Anapita nyumba kwa nyumba akiwafundisha watu mambo ya afya, na watu wakiugua anawapeleka kituo cha afya. Ni mwanamke wa sauti kubwa, anayeingia kabla hujamkaribisha.

"Mama Joyeuse! Unakaa na kabichi kama unakaa na mugeni?"

Kanyere hakucheka. Alimweleza yote.

Adèle aliketi. Sauti yake ilishuka.

"Na wewe unafikiri ni nini?"

"Nafikiri bananichukia. Nitakwenda kuapa mbele ya padri. Niape kama sikutia kitu."

"Uape sawa. Kuapa kutakusafisha wewe. Lakini kama kitu kiko mu unga, nani atakitoa? Mama Joyeuse, unga ile ulisaga wewe mwenyewe?"

Kanyere aliupapasa mfuko wa kitambaa.

"Bega yangu inauma," alisema. "Tangu mwaka jana siwezi tena kusaga. Nanunua kwa Siméon, mwenye moulin, ile mashine ya kusaga. Natoa mu sashe yake ya plastiki, natia mu kitambaa yangu."

"Na Joyeuse hajui?"

"Angejua, angesema mama yake amezeeka. Angesema, Mama, acha kutuma. Sasa miye ningebaki na nini cha kumutumia?"

Adèle aliushika mkono wake. Hakumcheka, wala hakumlaumu.

"Sikia. Ile sashe ya Siméon iko na namba. Kila mara anaposaga, anaandika namba ya unga wa siku ile. Ukiwa na namba, munganga wa hospitali anaweza kujua ni unga gani. Ulipotia unga mu kitambaa, ulitupa namba. Kule Beni, bakaona kitambaa yako na fundo yako tu. Nani mwingine bangesema?"

Kanyere alilia kidogo. Kisha akasema, "Sikuitupa."

Alimpeleka Adèle nyuma ya nyumba. Kandokando ya ukuta kulikuwa na sashe nyingi zimejaa udongo, na katika kila moja mche wa marakuja. Nani Butembo anatupa sashe nzuri? Kanyere alionyesha tatu za mwisho, zenye miche midogo kuliko yote.

"Hizi ni za unga ya mwisho niliyotuma, ile bamekunywa na ile bamerudisha."

Adèle aliinama, akafuta udongo kwa kidole. Namba ilikuwepo. Ilikuwa namba moja kwenye zote tatu.

"Tuende kituoni," alisema.

"Sasa?"

"Sasa."

Kanyere alirudi nyuma hatua moja. "Adèle, Siméon ni mutu wa shirika yetu ya kanisa. Kwa kilio cha mume wangu, yeye ndiye alileta unga wa watu wote. Nikamushitaki, na nikakuwa nimekosea? Nitasimama wapi Jumapili?"

"Hapana kumushitaki. Kusema yenye iliwafikia batoto. Hiyo si kesi." Adèle alionyesha mji kwa mkono, mapaa ya mabati mpaka kilima kile kingine. "Kuna mama mwingine pale, sasa hivi anakoroga uji ya mutoto wake. Labda ni ya namba hii."

Kanyere alitazama mapaa. Kisha akang'oa mche mmoja taratibu, akauhamishia katika kopo bila kuumiza mizizi. Akaikunja sashe tupu na kuifunga katika kitenge chake.

Kituoni walimkuta muuguzi Débora. Alikuwa msichana bado, lakini alijua kusikiliza. Alimpa Kanyere kiti, kisha akaanza kuuliza. Walikula nini siku hiyo? Walianza kuumwa saa ngapi baada ya uji? Nani alikunywa, na nani hakunywa?

"Ésaïe hakunywa," alisema Kanyere. "Yeye anakunywa chai."

"Na Ésaïe aligonjwa?"

"Hapana. Ésaïe alikuwa muzima."

Débora aliinua uso. "Mama, hiyo ni neno kubwa. Watoto wawili wa nyumba moja, maji moja, chumba moja. Mwenye kunywa uji akagonjwa, mwenye kukataa akabaki muzima. Na bibi yao, Mama Jokébed?"

"Dereva aliniambia asubuhi ile alikuwa ameenda kanisani. Hakukunywa."

Débora aliitazama sashe, akaisoma namba kwa sauti. Kisha akachukua simu na kuwaita wenzake wa vituo vingine. Kanyere alisikia upande mmoja tu wa maneno. "Ndiyo, midomo mikavu... Macho makubwa, ndiyo... Muulize kama walikunywa uji... Sashe bado iko?"

Kalunguta, njiani kwenda Beni, kulikuwa na baba mmoja na binti yake wenye dalili zile zile. Familia ilisema wamerogwa na jirani waliyegombana naye kuhusu mpaka wa shamba. Hapo hapo Butembo, kulikuwa na mama mmoja aliyepelekwa kuombewa katika chumba cha sala. Watu wa Kalunguta walikuwa na sashe bado. Namba ni ile ile. Yule mama wa Butembo alikuwa ameibandika sashe kwenye dirisha, kuzuia upepo. Namba ni ile ile.

Débora aliweka simu chini.

"Unaona, Mama? Kila nyumba ilikuwa na adui yake. Kila moja ilinyamaza, au ikapigana na jirani. Na unga ukaendelea kuuzwa."

"Hii ni sumu gani, munganga?"

"Siwezi kusema bado. Unga itapimwa. Lakini hatungoji mpaka majibu yatoke. Mutu moja akigonjwa, inaweza kuwa mambo mengi. Nyumba tatu, dalili moja, namba moja, tunasimamisha kwanza. Naita bureau ya zone de santé, wakubwa wa afya wa hapa, sasa hivi. Lakini kama wewe ungekaa nyumbani na machozi yako, miye ningejuaje?"

Siku hiyo hiyo Débora na mtu wa zone de santé walikwenda kwa Siméon. Kanyere alikwenda nao. Adèle alimwambia si lazima, lakini Kanyere alisema hataki Siméon asikie jina lake kwa watu wengine.

Siméon alikuwa mlangoni mwa moulin, nywele zake nyeupe kwa unga. Alipoelezwa, alimgeukia Kanyere.

"Mama Joyeuse? Wewe? Jumapili tuliimba pamoja!"

"Tuliimba, Siméon. Na Jumamosi ya wiki iliyopita nilimutumia binti yangu unga yako, na akasahau bwana yake ni nani."

"Mimi natia sumu mu unga? Batoto yangu banakunywa unga hii hii!"

"Hakuna mwenye amesema umetia," alisema Débora. "Batoto yako wamekunywa ya namba hii?"

Siméon aliisoma namba kwenye sashe. Hasira yake ikapungua, kama mtu anayekumbuka kitu.

"Soya ya namba hii ilitoka mashamba ingine," alisema polepole. "Watu walikuwa bamekimbia vita. Waliporudi, walivuna haraka-haraka, soya pamoja na majani. Tulichambua, lakini..." Aliigeuza sashe mkononi. Kisha akaendelea kwa sauti ndogo. "Kuna mama alinirudishia sashe. Alisema uji ni muchungu. Nilimupatia sashe ingine, akaenda. Sikumuuliza namba. Sikumuambia mutu."

Mashine ndani iliendelea kuvuma. Siméon aliingia, akaizima.

Walifungua magunia ya soya iliyobaki. Katikati ya punje za soya walikuta mbegu ndogo nyeusi, bapa. Mzee mmoja mfanyakazi alizijua. Ni mbegu za ule mmea wa porini wenye maua meupe marefu kama tarumbeta, na tunda lenye miiba. Unaota wenyewe katika shamba lisilopaliliwa. Ukivunwa pamoja na soya na kusagwa, huwezi kuuona tena. Na kupika hakuondoi sumu yake. Baadaye majibu ya kupima unga yalisema vivyo hivyo.

Lakini unga ulikuwa umeshaanza kurudi kabla ya majibu. Siméon aliwapigia simu wauzaji wake wote, mpaka kule mbali Kamango. Alikwenda mwenyewe redioni. Watu wa Butembo na Beni walimsikia akisoma namba ile polepole, mara ya kwanza na mara ya pili.

"Mimi Siméon, mwenye moulin, nawaomba. Mukiwa na unga ya namba hii, musikunywe, musiuzishe, musipatie hata kuku. Mulete kwa muuzaji pamoja na sashe yake, mutapata ingine. Na mwenye amegonjwa, aende kituoni, aseme. Asione haya. Mama moja alisema, na kwa ajili yake tumejua."

Hakumtaja jina. Kanyere, aliyekuwa akimwagilia miche yake, aliweka ndoo chini na kusikiliza mpaka mwisho.

Wanawake wa Furu walirudisha sashe. Wengine walikuwa wametia unga katika ndoo na kuitupa sashe, kwa hiyo hawakujua namba. Adèle aliwaambia waulete unga huo vilevile, kwa sababu unga usio na namba haujulikani. "Kuanzia leo," alipaaza sauti kwenye kila ua, "unga ikae mu sashe yake mpaka iishe! Na ukigonjwa juu ya chakula, usikitupe chote mu choo! Acha kula, ukifunge, ukiweke mbali na batoto, ukamuonyeshe munganga!"

Watu walimcheka kwa kelele zake. Lakini walifanya.

Kanyere alingoja simu.

Alingoja akiuza sokoni, simu kifuani. Alingoja akichota maji. Kila ilipolia alikuwa mtu mwingine: mteja wa miche, katibu wa shirika, namba iliyokosewa. Ukungu ulikuja na kuondoka juu ya Furu. Alifikiri, mtoto sasa anajua kutabasamu. Anatabasamu kwa nani?

Kisha, asubuhi moja, ikalia, na mtu hakuongea. Alisikia kupumua tu. Alikujua kupumua huko tangu kulipoanza.

"Joyeuse," alisema.

"Mama. Tulisikia redio. Mama Jokébed alikuwa anachambua maharage. Akaacha maharage zote mu kitunga. Akasema: ile namba, muulize mama yako kama ni ya unga yetu."

"Ni yenyewe, mwanangu. Na niko na kitu cha kukuambia. Unga ile sikusaga miye. Bega yangu imekataa. Nilinunua, nikakudanganya na kitambaa."

Joyeuse alianza kulia, na katikati ya kulia akacheka. "Mama! Ulifikiri napenda unga kuliko wewe?"

Kanyere alikaa kwenye kiti kile cha Joyeuse.

"Nilishindwa kukuita," alisema Joyeuse. "Niliogopa. Kisha nikaona haya ya kuogopa mama yangu. Njia ni muzuri wiki hii, Mama. Kuya."

Alikwenda. Gari lilishuka kutoka baridi ya Butembo, likapita Kalunguta, na joto la Beni likaingia madirishani. Magotini alishika kikapu. Ndani yake mlikuwa na mche wa marakuja na sashe ya unga mpya, imefungwa bado, namba yake inaonekana.

Luc alimrukia mlangoni. Ésaïe alisimama mbali, akauliza kama ameleta mkate. Joyeuse alitoka na mtoto, na bila neno akamweka mikononi mwa mama yake. Kanyere alimtazama kwa muda mrefu. Paji la uso lilikuwa la marehemu mume wake.

"Masika wangu," alisema. "Umekuwa muzito bila miye."

Baadaye aliingia jikoni. Alifungua sashe mbele ya wote, akapika uji, na unga uliobaki akauacha ndani ya sashe yake. Jokébed alikaa kwenye kigoda karibu na mlango. Walikuwa wamesalimiana, lakini hawakuwa wameongea. Ni kazi ngumu kwa mwanamke mzima kutafuta neno la kuanzia.

Kanyere alijaza kikombe cha kwanza. Kama adabu inavyotaka, alikiinua kwenye midomo yake ili aonje kwanza.

Mkono wa Jokébed ulikizuia.

"Lete, Mama Joyeuse," alisema.

Alikichukua kikombe kabla Kanyere hajaonja. Akanywa. Uji ulikuwa moto, lakini alikunywa mpaka katikati, kisha akafuta mdomo kwa kitenge na kumrudishia.

"Ongeza sukari kidogo," alisema Jokébed. "Njoo ukae hapa karibu."